Jane wa Malkia, Rosa wa Ziwa

Mwezi wa Julai mwaka 1858 msafara mdogo ulitoka Kaze, jirani na mji wa leo wa Tabora, ukashika njia ya kaskazini kupitia nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma, ambayo sehemu yake baadaye ilikuja kuitwa mkoa wa Shinyanga. Kiongozi wake alikuwa Mwingereza, John Hanning Speke. Walinzi wake walikuwa Wabaluchi wa Sultani wa Zanzibar, na mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, ambaye jina lake pwani halihitaji maelezo. Tarehe 3 Agosti walifika penye maji, karibu na Mwanza, na kwa mbali wakaonyeshwa nchi ya Ukerewe. Maji yale yalikuwa na jina lake tangu zamani. Speke aliyapa jina la malkia wake, na jina hilo la Victoria halijabanduka hadi leo.

Ni vyema kuanza na kisa hicho kwa sababu linapotajwa neno "riwaya ya enzi ya Victoria", msomaji wa Afrika Mashariki hudhani anaalikwa katika nyumba ya wageni, kwenye ukungu, magari ya farasi na moto wa makaa. Kumbe Victoria ni jina la nyumbani kwa mtoto wa Geita kuliko kwa mtoto wa London. Huoga ndani yake na hula samaki wake. Basi haitakuwa ajabu kuzisoma pamoja riwaya mbili za makuzi ya msichana, moja ya Victoria malkia na nyingine ya Victoria ziwa: Jane Eyre ya Charlotte Brontë na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi.

Ya kwanza ilitoka London mwezi wa Oktoba 1847, miaka 11 kabla ya Speke kufika ziwani. Mwandishi wake alikuwa na umri wa miaka 31, naye alijificha nyuma ya jina la Currer Bell, jina lisilofichua kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Ya pili ilichapwa mwaka 1971 na East African Literature Bureau. Ilikuwa riwaya ya kwanza ya kijana aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akapitia Seminari ya Nyegezi huko Mwanza na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kati ya vitabu hivyo pana miaka 124. Hapana haja ya kudai kwamba kimoja kilikizaa kingine. Inatosha kwamba vyote viwili vinauliza swali moja, vinapita njia moja karibu hatua kwa hatua, halafu vinaachana mahali ambapo kuachana kwenyewe kunafundisha kuliko kufanana.

Vyote viwili vinaanza kwa msichana kupigwa kwa sababu ya karatasi.

Jane ni yatima wa miaka 10 anayelelewa kwa masimango nyumbani kwa mke wa mjomba wake. Amejificha nyuma ya pazia anasoma kitabu cha ndege. Binamu yake John Reed anamtoa, anamkumbusha kuwa vitabu vya nyumba ile si vyake, kisha anamrushia kitabu kilekile mpaka kichwa kinatoka damu. Rosa naye anapata barua kutoka kwa kijana aitwaye Charles. Baba yake, Zakaria, mlevi aliyepata kuwa mwalimu, anaitia mkononi barua hiyo na kumpiga binti yake kipigo ambacho hatakisahau. Katika nyumba zote mbili maandishi ni mali ya wanaume. Msichana akiguswa nayo, au akiyagusa, yanageuka kuwa fimbo.

Linalofuata ndilo linalowatenga. Jane anarudisha kipigo. Anafungiwa katika chumba chekundu alimofia mjomba wake, anazirai kwa hofu, lakini baadaye anasimama mbele ya mama wa nyumba na kumweleza usoni alivyo. Rosa anameza. Kipigo kinaingia ndani na kugeuka woga. Anakua akiwaogopa wavulana, na watu wanaouona woga ule wanauita adabu. Anapokwenda kusoma Shule ya Rosary, Mwanza, mbali na macho ya baba, woga huo hauna tena kuta za kuushikilia. Huko ndiko anakokutana na Deogratias, mtumishi wa serikali mwenye cheo na ulimi. Baada ya hapo ni mtelemko, mpaka Morogoro katika chuo cha ualimu, ambako hata mkuu wa chuo hajizuii.

Hapa ndipo wahakiki wengi waliposimama. Wameisoma Rosa Mistika kama riwaya ya malezi: mzazi akibana mno, mtoto akifunguliwa hujimwaga. Usomaji huo si wa uongo, na Kezilahabi mwenyewe ameuandalia njia. Lakini ni mdogo kuliko kitabu. Unamfanya Zakaria kuwa mshitakiwa pekee, na wengine wote wanatoka mahakamani kwa mlango wa nyuma. Tena unafanya jambo la hatari zaidi: unakubali bila kusema kwamba "kuharibika" kwa Rosa ni jambo lililomtokea Rosa, kama vile ugonjwa, wala si jambo alilotendewa na wanaume wenye majina, mishahara na vyeo.

Jina la kitabu linastahili kutazamwa kwa utulivu, hasa na msomaji wa pwani ambaye yumkini halimwambii kitu. Rosa Mystica, Waridi la Fumbo, ni mojawapo ya sifa za Bibi Maryamu katika litania ya Wakatoliki. Rozari ni tasbihi ya Maryamu huyohuyo. Mama yake Rosa anaitwa Regina, Malkia. Mdogo wake mmoja ni Stella, Nyota. Mwandishi aliyelelewa seminarini hakuyaokota majina haya njiani. Amejenga nyumba nzima kwa majina ya Bikira, kisha akamweka ndani yake msichana ambaye jamii itampima kwa ubikira tu. Na baba? Msomaji wa Qurani atakumbuka kuwa katika Sura ya Aal Imran aliyekabidhiwa kumlea Maryamu ni Nabii Zakaria, na kila alipoingia kwake mihrabuni alikuta riziki ambayo hakuipeleka yeye. Zakaria wa Namagondo ni kinyume chake cha kuumiza: mlezi anayeingia nyumbani na kuondoa riziki iliyokuwamo, akaenda kuinywa. Haijulikani kama Kezilahabi aliwaza Sura hiyo, lakini riwaya inayoandikwa kwa Kiswahili haiwezi kuwazuia wenye Kiswahili kuingia nayo msikitini.

Turudi kwenye njia ya wasichana wawili. Jane anapelekwa Lowood, shule ya hisani yenye uji ulioungua, maji yaliyoganda na mchungaji anayehubiri unyenyekevu kwa watoto wa wenzake. Anakaa miaka minane, sita ya kusoma na miwili ya kufundisha. Kisha anajitafutia kazi ya kufundisha mtoto katika nyumba ya tajiri kwa pauni 30 kwa mwaka, maradufu ya alichopata shuleni. Rosa naye anahitimu ualimu na kuwa na kazi yake na mshahara wake. Wote wawili, basi, wanakuwa walimu. Na wote wawili wanafika karibu kabisa na ndoa, ndoa inavunjika.

Ndoa ya Jane inavunjwa kanisani, mbele ya kasisi, kwa sababu ya siri ya bwana harusi. Rochester ana mke hai, amemfungia ghorofani. Sheria inazungumza, mwanamume mwenye historia anaumbuka hadharani, na bibi harusi ndiye anayeamua. Anaondoka alfajiri na shilingi 20 mfukoni, zote zinaishia kwenye nauli. Analala nyikani na kuomba uji uliokuwa unakwenda kumwagiwa nguruwe. Atarudi kwa Rochester baadaye, lakini kwa miguu yake, akiwa na fedha zake, kwa mtu ambaye sasa ni kipofu anayehitaji kushikwa mkono.

Ndoa ya Rosa inavunjwa kwa sababu ya siri ya bibi harusi. Charles, yuleyule wa barua, amerudi, na penzi la utotoni linaelekea kupata makao. Anapobaini kuwa Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua.

Tofauti hii ni ya ajabu ukiipima. Katika Uingereza ya mwaka 1847, nchi ambayo mke aliyeolewa hakuwa hata na haki ya kumiliki mshahara wake, mwandishi wa kike aliweza kuandika harusi ambamo mwenye kuulizwa "ulikuwa wapi kabla yangu?" ni mwanamume. Katika Tanzania ya mwaka 1971, nchi huru, nchi ya Azimio, yenye shule za wasichana na walimu wa kike, swali hilo linamwelekea msichana peke yake. Hakuna anayemuuliza Charles. Hakuna anayefungua daftari la Deogratias. Kila mwanamume katika riwaya ana wakati uliopita, lakini ni wakati uliopita wa Rosa tu unaohesabika kuwa deni. Hilo ndilo jambo ambalo Kezilahabi aliliona kwa jicho kali kuliko lilivyoonwa na wasomaji wake, na yumkini ndilo lililowatia kiwewe waliofanya kitabu kipigwe marufuku shuleni muda mfupi baada ya kutoka. Ilisemekana kinaharibu vijana. Baadaye marufuku iliondolewa na kikafundishwa madarasani, aghalabu kama onyo kwa wasichana. Ni wavulana waliostahili kuonywa.

Inafaa sasa kuipeleka riwaya hii ng'ambo ya maji. Hadi mwaka 2012, Geita ilikuwa wilaya ya mkoa wa Mwanza kama ilivyo Ukerewe. Binti wa Geita aliyefaulu darasa la saba alitazama mji uleule alioutazama Rosa. Kusini na mashariki yake ndiko Shinyanga ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe, na ya almasi ya Mwadui tangu mwaka 1940. Kote huko mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, na mwenye kuhesabu si binti. Huko pia ilijulikana desturi ya vijana kumzingira msichana jioni, atokapo ngomani au kisimani, wakimtaka amchague mmoja wao. Waliiita chagulaga, yaani chagua. Ni vigumu kupata neno lenye kejeli kubwa kuliko hilo. Msichana anaamrishwa achague, na kitu kimoja tu hakimo katika orodha, nacho ni kwenda zake.

Msomaji wa Jane Eyre anaijua chagulaga hiyo, ingawa inamjia kwa joho la kasisi. Mtakatifu mtarajiwa St John Rivers anamtaka Jane amwoe aende naye India kuhubiri. Hampendi, wala hasemi anampenda. Anamwambia tu kuwa Mungu amemuumba kwa kazi. Siku hadi siku anamkaba kwa upole, akimwachia Jane uhuru wa kukubali. Kurasa hizo ndizo ngumu kuliko zote katika kitabu, ngumu kuliko chumba chekundu, kwa sababu aliyemzingira ni mtu mwema. Wenzake halisi wa St John walifika Nyanza mwaka 1877, na wawili kati yao waliuawa Ukerewe mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Waliowafuatia, wa madhehebu yao na ya wengine, ndio waliojenga shule ambazo hatimaye zilimpata Kezilahabi na, katika karatasi, zikampata Rosa.

Mwaka uleule wa 1971 uliomleta Rosa duniani uliileta pia Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara. Sheria hiyo iliweka umri wa kuolewa kuwa miaka 15 kwa msichana na 18 kwa mvulana, na mahakama ikapewa uwezo wa kuruhusu hata miaka 14. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha matunda yake: kati ya wanawake wa Shinyanga wenye umri wa miaka 20 hadi 24, asilimia 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18, kiwango kikubwa kuliko mkoa wowote, wakati kwa nchi nzima kilikuwa asilimia 37. Mwanasheria Rebeca Gyumi alikipeleka kifungu hicho mahakamani. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwezi wa Oktoba 2019. Kwa upande wa shule, kanuni za mwaka 2002 zilitoa nafasi ya kuwafukuza wanafunzi, na wenye mimba wakafukuzwa kwa kanuni hizo. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba aliyezaa asirudi darasani. Mwezi wa Novemba 2021 serikali ikatangaza kuwa anaweza kurudi. Katika miaka hiyo yote aliyempa mimba alikuwapo katika sheria, na adhabu yake iliandikwa, lakini dawati lililobaki tupu lilikuwa moja tu, la msichana. Hesabu ni ileile iliyomkuta Rosa.

Na dhahabu? Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu wa Kahama, upande wa Shinyanga, mwaka uliofuata. Pembeni yake ni maduara ya wachimbaji wadogo, makarasha yanayosaga mawe usiku kucha, zebaki katika mabeseni, na wasichana wanaouza chakula kwa watu wenye fedha za leo wasiojua za kesho. Mtu angetazamia kuwa utajiri ungefanya kazi uliyoifanya katika Jane Eyre. Huko, kitanzi kinalegezwa na urithi: ami yake Jane anafia Madeira na kumwachia pauni 20,000, naye anazigawa mafungu manne, lake na la binamu zake watatu. Hapa riwaya ya Kiingereza inastahili lawama kidogo. Msichana anaambiwa kwa kurasa mia kadhaa kwamba nafsi yake inatosha, kisha inaletwa hundi. Tena fedha za ulimwengu ule hazina usafi wa kujivunia. Mali ya mke aliyefungiwa ghorofani ilitoka Jamaika, nchi ya miwa na utumwa, jambo ambalo msomaji wa kisiwa cha karafuu halihitaji kutafsiriwa.

Kezilahabi hana hundi ya kuleta. Rosa anapata kile ambacho Tanzania ya wakati ule iliona ndio urithi wa kweli, yaani elimu na ajira, na havimsaidii kitu siku ya mwisho, kwa kuwa anachodaiwa hakilipwi kwa mshahara. Ndiyo maana riwaya hii ingali ngumu kumeza huko iliko dhahabu. Inakataa faraja mbili kwa pamoja: ile ya wazazi kwamba ukali utamlinda binti, na ile ya wenye maendeleo kwamba shule na kipato vitamkomboa. Daftari la ubikira halifungwi na yeyote kati yao.

Wapenzi wa fasihi walioko visiwani wasije wakatikisa kichwa kwa kuisikitikia Bara. Kisarawanda kilikuwa kitambaa cha nani? Somo aliyeketi mlangoni akingoja kukipokea, apige kigelegele au ainamishe uso, hakutoka Usukumani. Sheria ya Zanzibar ya mwaka 1985 iliruhusu mwanamke asiyeolewa akishika mimba afungwe gerezani, na haikubadilishwa mpaka mwaka 2005. Fasihi ya huku nayo ina Rosa wake. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, Maksuudi anamfungia binti yake Maimuna ndani ya nyumba, naye siku ya kutoka anatokea kwenye dunia asiyoijua hata kidogo. Maimuna anaanguka kama Rosa. Lakini Said Ahmed hakumwacha chini. Alimpa muda wa kuinuka, na muda huo ndio uliokosekana Namagondo. Ukizisoma pamoja utaona kuwa yule wa kisiwani ana huruma zaidi kwa msichana, na yule wa ziwani ana hasira zaidi kwa ajili yake.

Kuna la kusema juu ya lugha, na wapenzi wa mashairi watakuwa wamelingoja. Kezilahabi ndiye aliyekuja kuuwasha ule ugomvi wa vina na mizani kwa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, na wapo wasiomsamehe hadi leo. Nathari ya Rosa Mistika, miaka mitatu kabla, haina uzito wa Kichomi. Sentensi ni fupi na kavu. Sikio la pwani litakwaruzwa mara kwa mara, litatafuta utamu wa misemo na kukuta udongo mtupu. Katika sehemu za Ukerewe ukavu huo unafaa, maana ndio sauti ya nyumba isiyo na chumvi. Katika sehemu za Morogoro unageuka haraka tu: mambo yanapita kama vituo vya basi, na maumivu ya Rosa tunaarifiwa badala ya kuyasikia. Kitabu kinapokosea, kinakosea hapo.

Na kosa hilo lina mzizi katika kiambishi kimoja. Brontë aliiita riwaya yake tawasifu, akaisimulia kwa nafsi ya kwanza. Kila pigo linalomfikia Jane linapita kwanza kinywani mwake, na hata anapolala njaa nyikani ndiye mwenye kauli. Rosa ana msimulizi anayejua kila kitu, mwanamume kwa sauti ingawa hajitaji, anayemhurumia, anayemtetea, na bado anayemtazama kwa nje. Kiswahili huweka mtu mwanzoni kabisa mwa kitenzi. "Alipigwa" na "nilipigwa" zinatofautiana kwa silabi moja, na katika silabi hiyo ndimo ulimo umbali wote wa wasichana hawa wawili. Rosa husemwa. Wanaompenda humsema, wanaomwangamiza humsema, na mtunzi wake, kwa nia njema kuliko wote, naye humsema.

Yawezekana Kezilahabi, aliyefariki Dar es Salaam mwezi wa Januari 2020, angejibu kwamba ndivyo ilivyokuwa, na kwamba kumpa Rosa "ni-" mwaka 1971 kungekuwa uongo. Jibu hilo lina nguvu. Lakini hata kule Uingereza yuko aliyenyimwa kiambishi. Bertha, mke wa ghorofani, anacheka na kunguruma kurasa zote bila kupewa sentensi moja ya maana, na Jane mwenye maneno mengi hakumkopesha hata moja. Alikaa hivyo miaka 119, mpaka mwaka 1966 Jean Rhys, mwanamke wa kisiwa cha Dominica, alipomwandikia riwaya yake mwenyewe na kumwacha aseme alikotoka.

Rosa Mistika ilitoka kwa Kiingereza mwaka 2025, na sasa Rosa anaweza kuwekwa rafu moja na Jane huko ughaibuni. Kwa Kiswahili bado amebaki na "a-" yake. Mahali pa kumwandika upya si lazima pawe Ukerewe. Panaweza kuwa Kahama, au Geita, kwenye kibanda cha mama lishe karibu na makarasha, kwa mkono wa mtu aliyewahi kusikia chagulaga nyuma ya mgongo wake jioni, akitoka kuteka maji.